Kidevu juu, mwamba chini: jinsi mkao wa kichwa unavyoamua eksirei ya mifupa ya uso

Aliyeanguka na bodaboda, shavu limevimba na jicho moja limefumba, huingia chumba cha eksirei akitarajia kuielekea mashine kama anavyomwelekea mpiga picha wa pasipoti. Badala yake anaambiwa aipe mgongo. "Kaka, sogea mpaka ubaoni. Kidevu kiguse hapa. Pandisha uso. Pua isiguse. Usimeze mate, usipumue." Mlio mfupi, kwisha. Tatizo liko usoni, mbona mionzi imeingilia kisogoni? Na hicho kidevu kilichosukumwa juu mpaka shingo ikauma kilikuwa cha nini?

Maswali hayo mawili yana majibu tofauti. La kwanza ni rahisi.

Picha ya eksirei ni kivuli. Mionzi hutoka kwenye nukta ndogo ndani ya mashine, hutanuka kadiri inavyosafiri, hupenya kichwa na kuangukia bamba, liwe lenye filamu au la kidijitali. Kilicho karibu na bamba hutoka kwa ukubwa unaokaribia ule wa kweli, kingo zake zikiwa kali. Kilicho mbali nalo hukuzwa na kingo hufifia. Ufa kwenye ukingo wa tundu la jicho unaweza kuwa mwembamba kama uzi, kwa hiyo uso ndio unaopaswa kulibana bamba, na kisogo kibaki upande wa mashine.

Sababu ya pili ni macho. Lenzi ya jicho ni miongoni mwa sehemu za mwili zinazodhurika upesi na mionzi, na madhara yake ni mtoto wa jicho. Mwaka 2011 Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi, ICRP, ilitangaza kwamba lenzi huanza kuwa hatarini kwenye dozi ya takriban gray 0.5 (gray ni kipimo cha mionzi inayofyonzwa na mwili), chini sana ya ilivyodhaniwa awali. Picha moja ya uso haikaribii hata kidogo kiasi hicho. Lakini mionzi inayoingilia kisogoni hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake ndani ya fuvu kabla ya kufika machoni, na punguzo hilo halimgharimu mtu chochote zaidi ya kugeuka.

Swali la kidevu ndilo lenye mambo.

Ndani ya fuvu, nyuma ya uso, kuna mifupa miwili inayoelekea katikati kutoka kila sikio. Huitwa petrosi, yaani ya mwamba, na jina hilo inalistahili: hubeba sikio la ndani na ni migumu na iliyoshikamana kupita karibu mifupa mingine yote ya mwili. Watafiti wa vinasaba vya watu wa kale huipenda kwa sababu hiyo hiyo, maana DNA hudumu ndani yake pale ambapo mifupa mingine imekwisha kuwa vumbi. Kwa mpiga eksirei, petrosi ni kero. Mionzi inayopita hapo hufika kwenye bamba ikiwa imechoka, na panapaswa kuonekana tundu la jicho au uwazi wa sainasi ya shavuni, yaani pango la hewa ndani ya mfupa, panatokea utando mweupe. Chini ya utando huo huwezi kuona ufa, wala huwezi kutofautisha damu na hewa.

Petrosi haiwezi kuondolewa. Kinachowezekana ni kuchagua kivuli chake kiangukie wapi, na karibu kila mkao wa uso uliomo kwenye vitabu ni uamuzi wa jambo hilo moja.

Wanafunzi wengi hufundishwa mikao hii kama orodha ya majina ya watu na namba za kukariri, na hapo ndipo inapowatatiza. Mimi naona ni mwendo mmoja tu. Chukua mstari wa kufikirika kutoka kona ya nje ya jicho hadi tundu la sikio. Mgonjwa akigusisha paji la uso na pua kwenye bamba, mstari huo husimama wima kwa bamba, yaani nyuzi 90. Ukipiga hivyo, mionzi ikienda moja kwa moja, petrosi hujaza matundu yote mawili ya macho. Sasa anza kuinua kidevu, au mwache kama alivyo na uielekeze mashine chini, upande wa miguu. Matokeo kwenye picha yanafanana: petrosi inashuka.

Ukishainua kidevu au kuiinamisha mashine kwa nyuzi 15, petrosi imeteremka hadi theluthi ya chini ya matundu ya macho. Huo ndio mkao wa Caldwell, wa daktari wa New York, Eugene Caldwell, aliyekuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuitumia mionzi baada ya Wilhelm Röntgen kuigundua huko Würzburg mwaka 1895. Caldwell alifariki mwaka 1918 kwa madhara ya mionzi hiyo hiyo. Picha yake huonyesha vizuri sainasi za kwenye paji, kingo za juu za macho na pale mfupa wa paji unapoungana na kitefute, yaani mfupa wa shavu. Nyuzi 30 humaliza kazi ya kuyasafisha macho: petrosi inapita chini ya kingo zake, na sakafu ya tundu la jicho inaonekana.

Lakini petrosi ikishatoka machoni, inaangukia kwenye sainasi za mashavu, ambazo kwa Caldwell hazionekani vema. Charles Waters, wa Baltimore, ndiye jina linalokumbukwa zaidi kwa kuendeleza mwendo huo mbele. Mwaka 1915 alichapisha pamoja na Waldron maelezo ya mkao ambao kidevu hupandishwa mpaka petrosi ianguke chini kabisa ya sainasi hizo. Hapo mashavu husafika. Sainasi huonekana kama pembetatu mbili nyeusi zilizojaa hewa, na pamoja nazo vitefute, kingo za chini za macho na taya la juu. Kama hospitali ina nafasi ya kupiga picha moja tu ya uso ulioumia, huu ndio mkao wa kuuchagua.

Hapa kuna mkanganyiko ambao wanafunzi wa Afrika Mashariki hukutana nao kwa sababu rafu ya maktaba ina vitabu vya Uingereza na vya Marekani vikiwa bega kwa bega. Cha Marekani kinasema mstari wa jicho na sikio ufanye nyuzi 37 na bamba. Cha Uingereza kinasema 45. Nani mkweli? Wote. Tazama maelekezo yanayoandamana na namba hizo. Mmarekani anataka kidevu peke yake kiguse bamba na pua ibaki mbali kidogo. Mwingereza anataka kidevu na pua viguse vyote viwili. Pua ikigusa, kichwa hakijainuka sana, kwa hiyo pembe ni kubwa zaidi. Ni vituo viwili vilivyo jirani kwenye njia ile ile, na kwa mafuvu mengi vyote viwili huishusha petrosi ya kutosha. Kosa ni kuchanganya: kuchukua namba ya kitabu kimoja na maelekezo ya kingine.

Kuna mtego mwingine, wa mistari. Mbali na ule unaotoka kona ya jicho, upo unaotoka ukingo wa chini wa tundu la jicho kwenda sikioni. Tofauti kati yao ni nyuzi 7 hivi. Ndogo, lakini inatosha kuiacha petrosi ikining'inia ndani ya sainasi na daktari akaiandika kama uchafu.

Kwa waliozoea kazi, pembe haipimwi kwa chombo. Hutazama kutoka ubavuni: mstari wa kufikirika kutoka kidevu hadi tundu la sikio ukiwa umelala sawia na sakafu huku bamba likiwa wima, kichwa kimefika. Nadhani hiyo ndiyo alama bora kuliko nyuzi zote, kwa sababu hubadilika na mtu. Mwenye paji lililotokeza, asiye na meno, mwenye shingo fupi, kila mmoja hufika kwa njia yake.

Ukishapata picha, inakuambia yenyewe kama mkao ulikuwa sahihi. Tafuta petrosi. Iko ndani ya sainasi? Kidevu kilikuwa chini. Iko chini sana, na sainasi zimefupishwa hadi kuonekana bapa? Kidevu kilizidishwa. Kisha pima kwa macho umbali kutoka ukingo wa nje wa tundu la jicho hadi ukingo wa fuvu, kushoto na kulia. Usipolingana, kichwa kiligeuka. Hili la kugeuka ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu uso husomwa kwa kulinganisha pande mbili. Daktari hufuata mistari ya kingo za mifupa, mistari inayojulikana kwa majina ya McGrigor na Dolan, kutoka kitefute kimoja hadi cha pili, akitafuta mahali ulipokatika, ulipopinda au palipoachana. Katika ile ya Dolan, kitefute na taya pamoja huchora kichwa cha tembo kwa ubavu, na upinde wa shavu ndio mkonga wake. Mkonga ukivunjika, hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza huuona. Lakini kichwa kikigeuka kidogo tu, tembo wa kushoto na wa kulia hawafanani tena, na hakuna anayejua kama tofauti imeletwa na pikipiki au na shingo iliyochoka.

Mwendo wa kidevu haujaishia kwa Waters. Kwa majeruhi, vitabu vya Uingereza huongeza picha ya pili: mkao ule ule wa nyuzi 45, lakini mashine ielekezwe chini kwa nyuzi 30 zaidi. Hapo unautazama uso karibu kutoka chini, na vitefute na pinde zake hujitokeza vizuri. Ukiendelea mpaka mwisho kabisa, kichwa kimelazwa nyuma hadi utosi ndio unaogusa bamba na mionzi inaingilia chini ya kidevu, unapata picha ambayo pinde za mashavu zimejitenga kila upande. Upinde uliobonyea ndani baada ya ngumi huonekana hapo bila shaka yoyote. Mionzi inayotakiwa kwa upinde ni kidogo kuliko ya fuvu zima, vinginevyo huungua ukawa mweusi na kupotea.

Mkao huo wa mwisho ndio unaonitia wasiwasi. Kumlaza mtu kichwa nyuma kiasi hicho wakati ametoka kuanguka barabarani ni kucheza na uti wa mgongo wake. Pigo lililovunja kitefute lilipitia shingoni pia. Mpaka daktari athibitishe kwamba shingo ni salama, kidevu hakiinuliwi, kola ya kuikaza shingo haivuliwi, na anayeinua sauti kwamba foleni ni ndefu asubiri.

Basi afanyweje majeruhi aliyelala chali na kola shingoni? Kanuni ya kwanza iligeuzwa: sasa uso unaelekea mashine na kisogo kiko bambani. Kidevu hakiruhusiwi kupanda, kwa hiyo mashine ndiyo inayoinamishwa, safari hii kuelekea kichwani, mpaka mionzi ifuate ule mstari wa kidevu na sikio. Petrosi inakwenda pale pale ilipokuwa ikienda. Gharama inalipwa kwingine: uso uko mbali na bamba hivyo umekuzwa na kingo zimelegea, kivuli kimevutwa kwa sababu ya pembe, na macho yamepokea mionzi ya mbele. Picha kama hiyo haipaswi kulaumiwa kwa kutofanana na za kitabuni. Ilipigwa kwa masharti ya shingo.

Na inapoteza kitu kingine ambacho wengi hawakifikirii: usawa wa maji. Sakafu ya tundu la jicho ni nyembamba mno, na chini yake kuna uwazi wa sainasi. Mpira wa kriketi au ngumi ikitua jichoni, sakafu hiyo inaweza kupasuka wakati ukingo wenyewe wa jicho haujaguswa, na damu ikadondokea kwenye sainasi. Ufa wenyewe mara nyingi hauonekani kwenye eksirei. Kinachoonekana ni damu, ikiwa imetuama na uso wake umenyooka kama mstari wa rula. Ila mstari huo hujitokeza kwa masharti mawili: mgonjwa awe wima, na mionzi isafiri mlalo, sambamba na sakafu ya chumba. Mgonjwa akilala chali na mionzi ikashuka kutoka juu, damu hutandaa nyuma ya sainasi na picha huonyesha kijivu tu kisichosema kama ni damu, usaha au utando uliovimba. Ndiyo maana mtaalamu makini, anapotafuta maji kwenye sainasi, haiinamishi mashine kabisa hata kwa Caldwell. Anakiinamisha kichwa nyuma kwa nyuzi 15 na kuiacha mashine ikitazama mbele. Nilisema kuinua kidevu na kuielekeza mashine chini kunafanana. Hapa ndipo tofauti yake ilipo. Na aliyekuwa amelala kitandani aachwe akae wima dakika chache kwanza, maana damu iliyoganda nusu haitembei haraka.

Mdomo wazi, kwa wanaoombwa, una kazi yake. Nyuma kabisa ya pua, karibu katikati ya fuvu, kuna sainasi nyingine ambayo katika mkao wa Waters hufunikwa na meno na taya. Mdomo ukifunguliwa, huonekana kupitia hapo.

Picha ya ubavu ni hadithi tofauti, kwa sababu hapo petrosi si tatizo tena. Tatizo ni kwamba nusu mbili za uso zinalaliana. Lengo ni zilaliane sawasawa. Mstari unaounganisha mboni za macho unapaswa kusimama wima kwa bamba, na wa katikati ya uso uwe sambamba nalo. Zikiachana juu na chini, kichwa kimeegemea. Zikiachana mbele na nyuma, kimegeuka. Upana humponza mtu hapa: mabega mapana husukuma mwili mbali na ubao na kichwa kikaanguka upande, hivyo mwili hugeuzwa nusu kidogo ili kichwa kikae vizuri.

Kuhusu pua, maoni yangu ni makali zaidi kuliko ya wengine. Picha ya ubavu ya pua iliyopigwa kwa mionzi michache huonyesha ufa vizuri, lakini mara nyingi haibadilishi matibabu. Pua iliyopinda inanyooshwa kwa sababu imepinda, si kwa sababu filamu imesema. La haraka ni kuangalia ndani kwa tochi kama kuna donge la damu kwenye ukuta wa kati, ambalo likiachwa linaweza kuiozesha gegedu, na eksirei hailionyeshi.

Taya la chini lina mfumo wake. Likiwa na umbo la nusu duara lililofungwa kwenye fuvu kwa ncha mbili, mara nyingi huvunjika sehemu mbili: mtu anapigwa kidevuni kushoto, na ufa wa pili unakaa karibu na sikio la kulia. Kwa hiyo picha ya upande unaouma pekee ni picha isiyokamilika. Palipo na mashine ya kuzunguka kichwa, ile ya madaktari wa meno, taya zima huonekana kwenye bango moja. Mkao wake hausamehe. Mgonjwa hung'ata kijiti kwa meno ya mbele, mstari wa ukingo wa chini wa jicho na sikio ukae mlalo, shingo inyooke. Kidevu kikishuka mno, safu ya meno hupinda kama tabasamu lililozidi. Kikipanda, hunyooka hadi kukunja kinyume. Akisogea mbele, meno ya mbele huwa membamba. Akirudi nyuma, hupanuka. Na ulimi ubanwe kwenye kaakaa, kwa kuwa hewa iliyobaki kati yake huacha mkanda mweusi juu ya mizizi ya meno ya juu. Pasipo na mashine hiyo, picha ya mbele pamoja na ya mshazari kwa kila upande, mionzi ikielekezwa juu kwa nyuzi 25 hivi ili taya la upande wa pili lisogee njiani, hufanya kazi nzuri.

Kabla ya yote hayo, vitoke vya kutoka: hereni, kipini, miwani, meno ya bandia, pini za mtandio, vibanio vya wigi. Hata rasta au nywele zilizosukwa na kufungwa fundo kisogoni huacha kivuli, na katika mkao wa Waters fundo hilo linaweza kuangukia usoni likajifanya ugonjwa. Kumwomba mama afungue nywele alizosukwa jana si jambo dogo. Mara nyingi inatosha kulihamishia fundo pembeni. Na kwa watoto wadogo, swali la kwanza liwe kama picha inahitajika: sainasi za paji huanza kuonekana kwenye eksirei karibu na umri wa kwenda shule, kwa hiyo kumtafutia mtoto wa miaka 2 usaha hapo ni kutafuta ndani ya chumba ambacho hakijajengwa.

Skani ya CT, yaani eksirei inayozunguka kichwa na kukipiga kipande kwa kipande, imeyapita mengi ya haya. Godfrey Hounsfield alipoianzisha London, mgonjwa wa kwanza akipimwa mwaka 1971, haikuwa mara moja suluhisho la uso: kwa miaka mingi, ili kupata vipande vya wima vya uso, mgonjwa alilazwa kifudifudi na kidevu kikasukumwa mbele, mateso yale yale kwa jina jingine. Mashine za sasa hukata vipande vyembamba mgonjwa akiwa chali na kola yake, kisha kompyuta huvipanga upya kwa upande wowote. Petrosi haimfuniki tena mtu. Kwa mivunjiko mikubwa ya taya la juu, ile ambayo René Le Fort aliipanga katika makundi matatu mwaka 1901 baada ya kuvipiga vichwa vya maiti, kung'ang'ania eksirei wakati CT ipo jirani ni kupoteza muda.

Tatizo ni neno jirani. Tanzania imesimika mashine za CT kwenye hospitali nyingi za rufaa za mikoa miaka ya karibuni, lakini majeruhi wa pikipiki huanzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na huko kilichopo ni eksirei. Hapo picha ya Waters iliyopigwa mgonjwa akiwa wima inabaki chujio. Mistari ikiwa haijakatika, sainasi nyeusi pande zote mbili, jicho linaona na kuzunguka bila kukwama, meno yanakutana kama zamani, mtu anaweza kutibiwa alipo na kurudi kuangaliwa uvimbe ukishapungua. Sainasi moja ikiwa na mstari ulionyooka wa damu, au jicho likikataa kutazama juu, aandikiwe rufaa siku hiyo hiyo, hata kama hakuna ufa wowote unaoonekana kwenye filamu.